Safu ya Wapi

Huniuliza: wewe hasa ni daktari wa nini?
Si wa sindano, nasema, wala wa kisu.
Ni wa vifungo vya shati,
wa kijiko kifike mdomoni kingali na uji,
wa kanga kufungwa na mwenyewe
bila kuita mtoto.

Bi Khuleita wa Langoni alivunjika kifundo cha mkono,
ule ule uliodarizi kofia za vito miaka arubaini.
Nikampa udongo aufinyange. Akaucheka.
"Mwanangu, mimi si mwana wa chuoni."
Nikampa mbaazi azichambue.
Akazichambua, akazipika kwa tui zito, akanipakulia.
Nikaandika: vidole vitatu, maumivu kidogo.
Utamu sikuuandika.

Wiki ya pili akaletwa Mzee Kupi, nyonga.
Ya tano, binti wa Fundi Bunu, kiwiko.
Daftari letu lina safu ya jina, safu ya umri,
safu ya kilichovunjika.
Ya wapi halina.
Nikaichora kwa kalamu, bila rula, ikaenda upogo,
nikawauliza, mmoja mmoja,
nao wakajibu kama waliokula njama:
pale ngazini, nyuma ya msikiti mdogo,
kidato cha nne.

Nikaenda.
Jiwe limelainika kama sahani,
bomba la ghorofani ladondoka juu yake,
na kando kote ukuta mtupu,
hapana pa kushika ila jina la Mungu.
Nikakaa, nikahesabu waliopita baina ya adhuhuri na alasiri:
mia na kumi na saba,
mmoja wao mjamzito, na ndoo kichwani.

Miezi miwili nadeki, na bomba li wazi.

Barazani waliniambia niandike barua.
Niliandika. Yasemekana ingali yasomwa.

Bi Khuleita ndiye aliyechoka kwanza.
"Mazoezi yako hayana mwisho," akasema.
"Kamba ina mwisho. Nileteani makumbi."
Akasokota pajani, akilaani,
na ya kwanza ikakatika mikononi mwake,
na ya pili.
Shaabani ilipoandama ilikuwa pima nne, nene, yenye manyoya.
Fundi Bunu akatoboa ukuta, akapigilia vigingi vya mkoko,
bomba akalifunga kwa mpira wa tairi.
Hakudai ujira. Alisema tu,
"Kiwiko cha yule mtoto ndicho kimenilipa."

Sindano nyembamba ingali yamponyoka Bi Khuleita.
Kofia aliyoianza kabla ya kuanguka
imekaa kabatini, nusu ina vito, nusu haina,
na hapendi niitazame.

Jana nilipita ngazini.
Bomba limeanza tena, tone, tone.
Lakini kamba, hapo usawa wa kidato cha nne,
manyoya yameisha, imekuwa laini, imekuwa nyeusi
kwa viganja vya watu
nisiowajua majina,
wasiokuwamo daftarini.