Chumba cha Pili

Theluji imefika madirishani mwa chuo, kaskazini mwa Minnesota.
Marlys Koskela, miaka hamsini na minane,
anashusha barakoa, anaunga chuma kwa chuma.
Mgodi ulimwachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu.

Nyuma ya ukuta wanafunzi wa kurekodi wanalalama:
mashine yake ya kusaga inaingia katika kila wimbo.

Usiku mmoja akaja Tevin, maikrofoni mkononi,
waya ukiburura sakafuni nyuma yake.
Hakuja kugombana.
"Gonga," alisema, "hilo bamba uliloliunga."

Akamvisha hedifoni. Akagonga.
Mlio mrefu, ukitandaa.
Kisha, karibu na kona, sauti fupi, butu,
kama mgonjwa anayejibu "sijambo."

Mwalimu alikwisha kulipitisha; kwa macho halina kasoro.
Marlys akalikata.
Ndani, tundu, dogo kama punje ya mtama.

Hakusema kitu. Akawasha moto upya,
na Tevin akasogeza maikrofoni karibu na cheche
mpaka ikaungua sifongo.

Nyumbani aligonga sufuria, bomba, kitasa,
mguu wa kitanda, akiinamisha sikio,
hadi mbwa akachoka, akahamia jikoni.