Kaza Kwanza

Toka saa mbili nimelala chini ya Probox,
mgongo juu ya katoni ya mafuta ya kupikia,
namtukana mtu nisiyemjua.

Nani aliikaza boliti hii kavukavu,
bila grisi, bila hata tone la oili chafu?
Ni mkono gani huo wa haraka,
mkono wenye miadi kwingine?

Bwana Abidha amekalia tairi, simu sikioni.
Mbegu za mpunga zinamngoja Ahero.
Alikuja kubadilisha bushi mbili tu,
kazi ya saa moja, tulimwambia,
na saa moja hapa Obunga, nani asiyejua, huwa na watoto.

Mwezi wa nne Nyando ilipanda hadi vitasani.
Gari lilisimama majini siku tano,
na maji yalipoondoka hayakuondoka yote:
mengine yalibaki humu, kati ya chuma na chuma,
yakaoana nacho, yakazaa kutu.

Nimeimwagia dizeli. Nimesubiri.
Nimeigonga kichwa kwa nyundo ndogo, polepole,
kama mgeni anayebisha usiku wa manane.
Shiundu ameleta kipande cha bomba la maji,
tumekivika spana, tumevuta wawili,
mguu wangu umekanyaga jiwe.
Haikusema kitu.

Fundi Rading' alikuwa na neno lake,
alilitamka akitafuna muwa, bila kunitazama:
kaza kwanza, ndipo ulegeze.
Nilidhani ananicheka.
Kumbe kutu ina upande iliouzoea;
ukiisukuma upande isioutarajia,
hata unywele mmoja tu, inashtuka,
na penye mshtuko huo ndipo unapopita.

Nikakaza. Unywele mmoja.
Ikalia: kwii.
Nikalegeza robo. Nikakaza. Nikalegeza nusu.
Shiundu akaanza kutabasamu mapema.

Tak.

Si sauti kubwa. Spana ikawa nyepesi ghafla,
wepesi ule ambao kila fundi anauchukia,
na kichwa cha boliti kikaniangukia kifuani
kingali na joto.

"Imetoka?" akauliza Bwana Abidha.
"Nusu," nikasema.

Nikakifuta kwa kidole gumba.
Chini ya tope, chini ya kutu, pale ukingoni,
mstari mfupi wa rangi ya kucha. Zambarau.

Mwaka ule nilikuwa na kichupa kimoja tu,
nikaitia alama kila boliti niliyoikaza
ili Rading' asiniulize mara mbili.
Jumamosi jioni ile viatu vyangu vya harusi
vilikuwa mfukoni, juu ya benchi.
Mkebe wa grisi ulikuwa mtupu,
na duka liko hatua arobaini.

Matusi yote ya asubuhi
yakarudi, moja moja, kwa mwenyewe.

Nikapiga alama katikati ya kilichobaki.
Biti ndogo kwanza, mafuta tone kwa tone,
kisha iliyoizidi, kisha iliyoizidi hiyo.
Nyuzi za chuma zikaanguka ziking'aa
usoni, nyweleni, ndani ya chai ya Shiundu.
Saa nane, gesi. Saa tisa u nusu kikatoka
kama jino la mtoto: kidogo, kichafu,
bila kuomba radhi.

"Hesabu?"
"Bushi mbili na boliti mpya."
"Na siku nzima hii?"
"Siku nzima ni yangu."
Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi,
akaihesabu tena moyoni, akanyamaza.

Boliti mpya nimeipaka grisi mpaka Shiundu akacheka.
Nimeikaza gari likiwa limeshuka toka kwenye jeki,
limekanyaga ardhi kwa uzito wake wote,
maana bushi inayokazwa ikining'inia
hujipinda siku ya kwanza tu ya barabara.
Kisha nikamtuma kwa dada yake, msusi wa pale ng'ambo,
alete rangi ya kucha. Akaleta kijani.

Nikachora mstari.
Nikaupulizia ukauke.