Kisanduku cha Sita

Walinipa ukuta wa darasa na ndoo mbili za rangi:
nyekundu iliyosazwa kwenye kibanda cha soda,
na chokaa nyeupe yenye madonge.
"Wachoree damu," akasema Mwalimu Ondari.
"Kitabu kinasema seli, seli, seli,
na watoto wananitazama kama mlango uliofungwa."

Mimi mchoraji wa mabango: vinyozi, bucha,
meno ya dhahabu ya daktari wa mtaa.
Sayansi niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliyoniacha.
Usiku ule Kaloleni hakukuwa na stima;
nikakisoma kitabu kwa mshumaa
kama barua ya mtu anayenidai.

Asubuhi nikaugawa ukuta visanduku saba.
Cha kwanza moyo, umefunguliwa kama Gikomba alfajiri.
Cha pili seli nyekundu, hamali wa mkokoteni,
kifua wazi, magunia ya oksijeni,
anapaza sauti: "Kando! Kando!
Mguu wa kushoto unangoja hewa!"
Darasa likacheka. Nikajua wamesoma.
Mapafu. Mishipa, vichochoro
ambamo mikokoteni hupita mmoja mmoja.
Cha tano msumari, kandambili, jeraha,
na kijidudu chenye meno kinaingia bila hodi.

Cha sita, seli nyeupe:
nikamchora kanjo, kofia na rungu,
amemkamata kijidudu ukosi.
Nikarudi nyuma hatua tatu, nimejiridhia.

Hakuna aliyecheka.

Kerubo wa dawati la dirishani, sweta ya kakake,
akasimama bila kuinua mkono.
"Huyo halindi mtu.
Juzi alimwaga nyanya za mama
akazikanyaga moja moja, kama anazihesabu.
Kama huyo ndiye kinga,
mimi heri niugue."

Ondari akatazama dari. Mimi nikatazama brashi.
Kisha nikafuta, nikampa chaki.

Mikono hakujua kuichora; aliifanya uma.
Lakini aliwachora akina mama watano kando ya barabara ya Jogoo:
wa kwanza ameliona lori, vidole mdomoni, mluzi;
wa pili anakunja gunia;
wa tatu amembeba mtoto wa wa nne;
na wa tano, mwenye kitambaa cha zambarau,
hafanyi lolote, ameketi na nyanya zake,
ila namba ya lile gari
anayo kichwani tangu mwaka juzi.
"Likirudi," akasema Kerubo, "hata wakilipaka rangi mpya,
huyu ndiye hulijua kwanza."

Ondari akafungua kitabu, akakifunga.
"Seli kumbukumbu," akasema polepole,
kama aliyekuta noti katika suruali ya zamani.
Akaandika ubaoni: kingamwili.
Wiki tatu tulikuwa tunalipita neno hilo
bila kuona kwamba lilikuwa limetuambia kila kitu.

Naibu mwalimu mkuu alichungulia dirishani.
"Mtihani hauji na vikatuni," akasema,
"wala hauji kwa Kiswahili."
Alisema kweli. Novemba ulikuja kwa Kiingereza,
bila mama hata mmoja.
Kerubo aliniambia alipiga mluzi moyoni,
wakaja, kila mmoja na jina lake la kigeni kifuani.
Saba kwa kumi. Zile tatu sijui zilimwagwa wapi.

Lakini hayo ni ya Novemba.
Jioni ile ile nilikuwa juu ya ngazi,
nachora cha saba, kidonda kinafunga,
mama yake akaingia na risiti ya ada mkononi.
Akasimama mbele ya cha sita, muda.
Akagusa kitambaa; chaki ikambaki kidoleni.
"Nani amenichora?"
"Binti yako."
Akasogea, akainama, akahesabu.
"Na nyanya zangu, mbona tatu tu?"

Nikashuka na ndoo ya nyekundu
nikamjazia debe.