Dakika Moja Mapema

Jumatatu, Barabara ya Kirinyaga, gereji ya Gurdip.
Hakuna gari linalotengenezwa. Spana zimelala kwenye trei ya oili chafu
na watu wazima sita wanagombania dakika moja
kana kwamba ilidondoka hapa, chini ya jeki,
na atakayeiokota ataondoka nayo.

"Sheria gani hii," anafoka Otiato, msasa mkononi.
"Ukichelewa dakika unakatwa sekunde kumi,
ukiwahi dakika unakatwa dakika nzima!
Nairobi hii, ambako harusi ya saa nne huanza saa nane,
na fundi bomba akisema kesho ana maana ya Pasaka,
mtu mmoja anafika mapema, mmoja tu,
na huyo ndiye wa kuadhibiwa?"

Wanacheka. Wairegi hacheki.
Kanuni ameikariri kama sala ya jioni:
kituo si mlango wa baa, kila gari lina dakika yake,
ukiingia kwenye dakika ya mwenzio umemla mwenzio.
"Na yule msoma-ramani? Mbona hamumtaji?
Kwamboka kazi yake usukani.
Kuhesabu ni kwa aliyeketi kushoto."

Lakini aliyefukuzwa ni wa usukani.
Hapo ndipo pana donda. Alikosa kombe kwa sekunde arobaini na moja,
na Ijumaa ile kampuni ya unga, yenye nembo milangoni mwa gari,
ikatangaza kwamba msimu ujao kiti ni cha mwana wa mwenye kinu,
kijana aliyepindua magari mawili mwaka jana,
moja, anaapa Otiato, likiwa limeegeshwa.

"Magurudumu ya nani? Petroli ya nani?" Gurdip anauliza,
akijifuta vidole kimoja kimoja.
"Nina bili ya miezi mitatu kwa hiyo timu.
Akija mtoto, baba atalipa."
Bili haina mpinzani. Wote wanatazama sakafu.
Kisha Musembi, polepole:
"Basi wasiiite timu. Waiite urithi."

Mimi nakunywa chai.
Wananijua kwa vioo vya pembeni ninavyouza mlango wa pili.
Hawajui kwamba Jumapili ile nilijitolea,
nikapewa koti la njano, meza ya plastiki,
turubai moja katika vumbi la Kajiado
na saa niliyokatazwa kuigusa.

Dakika yake ilikuwa arobaini na saba.
Saa ilisoma arobaini na sita, sekunde hamsini na nne,
na kadi tayari imenyooshwa dirishani.
Sekunde sita.
Ningeweza kukohoa.
Ningeweza kuangusha kalamu, nikainama,
nikaitafuta kama bibi atafutavyo sindano.
Nyuma yake vumbi la gari jingine lilikuwa linapanda,
na ndani ya vumbi lile mlikuwa na mtu, naye na bili zake.
Niliandika nilichokiona,
kwa mwandiko mzuri, ule wa darasa la nne.

"Huyo wa kituoni," Otiato anasema, "ningempata mimi..."
Namsogezea sukari.

Saa kumi jioni pikapu nyeupe inaingia, bolijointi inagonga.
Kwamboka mwenyewe. Kimya, halafu wote kwa pamoja
wanakuwa mabingwa wa bolijointi.
Anauliza bei, anauliza lini.
"Kesho saa tano," Gurdip anasema, na hata yeye anaona aibu.

Akigeuka kuondoka macho yake yananipita,
yanarudi.
Sina koti la njano leo, nina kikombe tu.
"Saa yako," ananiambia, "bado iko sawa?"
Nanyoosha mkono. Anasoma, anarekebisha yake,
sekunde chache tu, kwa ukucha wenye grisi,
kisha anavuka barabara kwa miguu, bila haraka.

Nyuma yangu msasa umeacha kusugua.