Juu ya Basi

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, ghorofani pa maktaba ya Dundee.
Radieta inanguruma kama tumbo la mtu aliyefunga.
Bi. Morag anachora boksi ubaoni, kisha nukta:
nukta ndani ya boksi, hiyo ni “in”;
nukta juu ya boksi, “on”;
nukta ubavuni, imeegemea tu kama isiyo na shughuli, “at”.
Nikasema nimeelewa.
Nilichoelewa ni boksi.

Maana nje ya boksi mambo ni mengine.
Mtu yumo ndani ya teksi, ila yuko juu ya basi.
Wiki nzima niliwahurumia abiria wa namba ishirini na mbili:
mvua ya Novemba, upepo wa mto Tay,
na wao wote paani!
Jumatatu iko juu. Machi imo ndani.
Saa tatu ipo hapo ubavuni, imeegemea.
Asubuhi imo ndani, jioni imo ndani,
usiku uko ubavuni.
Nani aliyeutoa usiku nje?

Kwetu Giresun tuna kipande kimoja,
hubandikwa mkiani mwa neno, kazi ikaisha:
evde, otobüste, hastanede.
Nyumbani, basini, hospitalini.
Hakikuulizi kama umelala, umesimama
au umepita tu kuuza njugu.

Hospitali ndiyo iliyoniumbua.
Nilimwambia Isla, msimamizi wetu kiwandani pa mikate,
kwamba Jumapili kutwa nilikuwa “in hospital”.
Akaniketisha juu ya gunia la unga.
Akaniletea chai, sukari vijiko vitatu,
akaniuliza kwa sauti ya chini: ni titi?
Kumbe mimi nilikwenda kumjulia hali jirani yangu Halszka,
Mpolandi, aliyeteleza kwenye barafu akavunjika nyonga.
Siku kumi sikuruhusiwa kuinua trei.
Sikumsahihisha Isla.
Mgongo wangu ulikataa.

Na hayo ni majina tu, bado vitenzi.
Tazama: kipachike hiki unatafuta,
kipachike kile unalea.
Csaba, fundi wa paa kutoka Hungaria,
alimsaka paka wa mwenye nyumba siku tatu, mitaroni, makaburini,
na kila asubuhi alimwambia mama wa watu, kwa fahari,
kwamba paka anamlea yeye.

Kisha zoezi la kumi na moja. Jaza nafasi.
Bi. Morag alisema tutumie majina yetu wenyewe,
sentensi zisiwe za watu wasiokuwepo.
Nurhayat, nafasi, Rüstem. Kitenzi: kuolewa.
Nikaandika “with”. Na. Pamoja na.
Akaikata kwa kalamu ya kijani, akaandika “to”.

Hiyo “to” nilikuwa naijua. Ni ya barua na ya treni:
kwenda Aberdeen, kwenda kwa fulani,
mshale uliokwisha kutoka mkononi.
Nikamuuliza: basi miaka ishirini na sita
nilikuwa nakwenda kwake, sikufika?
Bi. Morag akavua miwani.
Akasema, ndivyo tunavyosema tu, Nurhayat.
Csaba akainamia daftari lake.

Nikalikumbuka lori. Samsun, Ankara, Konya,
na simu ya saa nane za usiku: lala, bado niko njiani.
Sahani iliyofunikwa kwa sahani.
Mimi kulalia upande wa ukutani
nimwachie nafasi ya kuingia bila kuniamsha,
na mpaka leo, Dundee hii, kitanda cha mtu mmoja,
bado naugandamia ukuta.
Huenda waliotunga lugha hii
nao waliolewa na madereva.

Sikuifuta ile ya kijani.
Chini yake niliandika tena “with”, kwa penseli, hafifu,
kwa ajili ya zile siku chache za mwezi
ambazo viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Nikashuka ngazi. Mvua.
Namba ishirini na mbili ilikuwa ile ya ghorofa mbili;
nikapanda mpaka juu, kiti cha mbele kabisa,
matawi yakigonga kioo usawa wa uso wangu,
na kwa mara ya kwanza nilikuwa
pale hasa waliposema niko.