Taarifa ya Tawi la Kibirizi

Ndugu Mwenyekiti wa Wilaya,
umeagiza ukurasa mmoja: kwa nini tumeshindwa.
Mwalimu Bitariho angekupa asilimia.
Mimi nakuandikia nilichokiona,
nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa
maana viti vya tawi vilikwenda mkutanoni
na havijarudi.

Mkutano ulijaa, hilo sibishi.
Watu walisimama hadi kwenye vichanja vya dagaa,
vijana wakapanda juu ya mtumbwi unaongoja kalafati,
na mgombea wetu, Ndugu Gwimile,
akashika kipaza sauti kama anayemkaba mwizi:

    Anayetaka na aje, asotaka aondoke,
    Mwenye mji ndiye huyu, mgeni atambulike,
    Ng'ambo wana kwao ng'ambo, hapa kwetu wasishike!

Makofi. Honi za bodaboda.
Nami nilipiga, niseme kweli.
Mikono ilinitangulia.

Kisha nikamwona Mwasiti binti Kabezya.
Bibi yake alivuka kutoka Uvira
mwaka ambao hakuna aliyeuandika.
Yeye kazaliwa hapa, kazika wawili hapa,
na kadi yake ya chama ni namba kumi na saba.
(Ya mgombea ni elfu moja mia nne na tatu. Daftari ninalo.)
Hakuzomea. Hakujibu.
Aliivua mabegani kanga tuliyomgawia,
akaisokota, akaifanya kata,
akaiweka kichwani, juu yake ndoo ya mawese,
uso wa Ndugu Gwimile umekunjwa humo ndani,
akaondoka bila kumwaga tone.

Hapo ndipo kata ilipoondoka, Mwenyekiti.
Masanduku yalikuja kuhesabu baadaye.

Wenzetu wa upande wa pili nao wanaye wao,
yule anayetuita kupe.
Ila wiki ya mwisho walimficha Kasulu,
wakamleta mama mmoja muuza vitenge
asiyejua hata kukunja ngumi.
Alipita mlango kwa mlango akiuliza bei ya chumvi,
akauliza mchanga wa kuanikia utazungushiwa uzio lini
mbuzi wasile dagaa.
Basi. Chumvi na mbuzi.
Sisi tulikuwa na shairi.

Nimelifikiria sana neno letu, "wetu".
Mwanzoni lilikuwa mji mzima, Gungu hadi Ujiji,
wa msikiti na wa kanisa, mwenye boti na mpiga maji.
Likapungua likawa mtaa.
Likapungua likawa waliokuja na Gwimile kutoka chama cha zamani.
Juzi jioni tumekutana wetu saba,
na wawili walikuwa wanangoja posho.

Jana nilikwenda kwa Mwasiti.
Nilikuwa nimejipangia maneno ya radhi, yote yakanipotea mlangoni.
Akaniuliza: "Unanunua au unapita?"
Nikanunua lita moja.
Akanipimia, akanizidishia kidogo kama zamani,
akanieleza habari za goti lake.
Kuhusu kadi hakusema, nami sikuuliza.
Kanga ilikuwa bado kata, imelowa mafuta,
sura haitambuliki.

Kwa hiyo sina azimio, nina maombi.
Mtuondolee spika ile kubwa, mtuachie ndogo.
Mgombea ajaye aletwe kwanza sokoni Mwanga
anunue vitu, akose chenji, asubiri.
Naomba shilingi elfu nane za nauli
niende kwa watu wasiotupenda:
yule fundi simu wa Katubuka anayesema vyama vyote ni baba mmoja,
akina mama wa vichanjani,
na mzee Ntibagiye aliyetunyima kura toka enzi za baba yangu
na bado hutusalimia.
Nikirudi bila kadi hata moja,
nitakuwa nimejua majina ya wajukuu wao.

Na viti, Mwenyekiti.
Viti kumi na viwili vya plastiki, bluu, kimoja kina ufa.
Tafadhali virudi.
Hata leo akitokea mtu mpya akabisha hodi hapa tawini,
nimpishe ndoo hii,
mimi nikae wapi?

Katibu wa Tawi,
Anjelina Nyamvuko