Kumi na Mbili, Nukta Nane

Betri ikipumzika haisemi kweli.
Hili nilifundishwa na mkono wangu wa kulia,
uliokwisha ungua mara mbili,
katika karakana ya Grimsby, nyuma ya duka la mazulia,
ambamo vigari vya wazee hunisubiri kwa foleni,
vimefunikwa plastiki, kila kimoja na cheti chake shingoni.

Leo kimeletwa cha Bibi Doreen Blanchard:
chekundu, kikapu mbele, kengele imefungwa kwa uzi.
Kilimzimikia Jumanne katikati ya kivuko cha reli,
taa zote tano za kijani zikiwaka.
"Zote tano, kijana wangu," ananiambia, kidole juu,
kana kwamba nimembishia.
Wavulana wawili waliotoroka shule ndio waliomsukuma.
Akawapa peremende za mnanaa. Mmoja akamrudishia.

Nafungua kiti. Nazitoa moja moja,
kilo kumi na nne za risasi na asidi,
uzito wa mtoto wa miaka mitatu anayekataa kubebwa.
Kwenye ncha kumeota ukungu wa kijani;
nausugua kwa maji ya moto na magadi.
Naweka mita: kumi na mbili, nukta nane.
Buheri wa afya.
Doreen anachungulia. "Si nilikuambia?"

Basi natwaa kile chombo cha koili,
nabana koleo, nyekundu kwa nyekundu,
naitwika mzigo sekunde kumi tu.
Koili inaiva, inanuka vumbi la zamani.
Kumi na moja.
Tisa.
Saba, na mshale bado unashuka
taratibu, bila haya,
kama mtu aliyeamua kukaa chini barabarani.

Doreen kimya. Kisha:
"Ken naye alikuwa hivyo. Kwenye kochi, mzima kabisa.
Ngazi ndizo zilizomsema."

Saa tisa simu inaita. Ni dada Mwanakheri, Korogwe,
na swali lake ni lile lile.
Salama, namjibu. Salama salimini. Baridi tu.
Nimekaa kwenye kigoda, mikono haina kazi,
naisikia sauti yangu, nzuri, imejaa:
kumi na mbili, nukta nane.
"Na nani anakupikia?" anauliza.
Nyuma yangu koili inapoa, tik, tik,
na mimi natafuta bisibisi ambayo sijaipoteza.

Jioni nafunga betri mpya. Doreen analipa
nusu noti, nusu sarafu za kopo la biskuti.
Namwambia asiziamini taa,
zinahesabu kilichopo, hazijui mlima.
Anapiga kengele, anatoka kwenye manyunyu.
Nachukua koti, namfuata kwa miguu
hadi kivuko, na ng'ambo ya kivuko,
mpaka pale barabara inapoanza kupanda.

"Unanifuata?" anauliza bila kugeuka.

Naifuata betri, nasema.

Anapunguza mwendo.